Ukipaki Uingereza chagua nafasi, ukipaki Dar chagua mtu

Sisi tulio Uingereza tunapenda kuwasimulia ndugu zetu kwamba huku gari unaliacha popote na kulikuta kama lilivyo. Kwa wizi wa taa na vioo vya pembeni, haya, kuna ukweli kiasi. Lakini kwa mwenye gari analolipenda, maegesho ya supamaketi ya huku ni mahali pabaya kuliko maegesho mengi ya Dar es Salaam, na tatizo wala si ubaya wa watu. Tatizo ni sentimita.

Nafasi ya kawaida ya gari moja huku ina mita 2.4 kwa 4.8, na magari yanazidi kunenepa kila toleo. Gari lenye upana wa mita 1.8, ukiacha vioo, likisimama katikati kabisa ya mistari linabakiza sentimita 30 kila upande. Jirani naye abakize 30, jumla 60. Mtu mzima aliyevaa koti la baridi hapenyi hapo bila kuusukuma mlango mpaka ugote. Unagota kwenye bati lisilofika hata milimita moja kwa unene, linabonyea kidogo, na mgongaji pengine hata hajui. Au anajua, ila mvua inanyesha na watoto wanalia.

Sheria ipo. Kifungu cha 170 cha sheria ya barabarani ya mwaka 1988 kinamtaka dereva aliyeharibu gari la mwenzake asimame na kutoa jina na anwani, la sivyo aripoti polisi mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 24. Hakiishii barabarani tu, kinagusa na sehemu nyingine zilizo wazi kwa umma. Tatizo hakuna aliyeona. Kamera za ukutani zinatazama njia na mageti zaidi kuliko mlango wako, na rekodi hufutwa baada ya muda kupisha nyingine, kwa hiyo ukigundua jeraha iombe siku hiyohiyo.

Ndiyo maana huku ulinzi wote unafanyika kabla hujazima injini. Tafuta nafasi ya mwisho wa safu, yenye ukuta au ukingo upande mmoja, ili upande mmoja tu wa kuhofia ubaki. Tena uwe ukuta wa kushoto. Usukani huku uko kulia kama kwetu, hivyo mkiwa mmeelekeza pua upande mmoja, jirani wa kushoto ndiye anayekuletea mlango wa dereva, ule ambao lazima ufunguliwe. Jirani wa kulia anakuletea mlango wa abiria, na mara nyingi abiria hayupo. Ukiingia kinyumenyume wakati wenzako wameingiza pua, hesabu hiyo inageuka, basi na wewe geuza. Kisha lisogeze gari karibu na ukuta na umwachie jirani nafasi yote iliyobaki.

Chungulia pia ndani ya gari la jirani. Ukiona kiti cha mtoto nyuma, mlango huo utafunguliwa wote, na anayeufungua ana mtoto mkono mmoja na mifuko mkono wa pili. Gari la milango miwili nalo likwepe, milango yake ni mirefu na inafika mbali. Gari la familia lenye mlango wa kuteleza ni jirani mwema.

Troli za supamaketi zina kanuni yake. Uwanja hauko tambarare hata ukionekana hivyo. Umeinamishwa ili maji ya mvua yaende kwenye vyuma vya mtaro. Angalia vyuma hivyo viko wapi, huko ndiko troli iliyoachiliwa kwenye upepo itakakoelekea. Usipaki hapo.

Kwenye majengo ya kupaki ya ghorofa watu wanagombania chini wakati juu kuko wazi. Panda juu, lakini kabla ya kusimama tazama sakafu na dari. Sakafu ikiwa na matone meupe yaliyokauka, kuna maji yanayopenya kwenye zege na kushuka na chokaa. Tone hilo likikaukia kwenye boneti linashika, na likiachwa linakula klia, ule utando wa juu usio na rangi. Usilikwangue. Siki iliyochanganywa na maji kiasi sawa, kwenye kitambaa laini, likae dakika chache lilainike, kisha suuza kwa maji mengi na urudie kama bado. Hilo ni jambo ambalo hata wenyeji wengi hawalijui, wanafikiri ni mavi ya ndege.

Sasa nyumbani. Pale Dar gari halikosi mtu wa kuliona: mlinzi, muuza matunda, dereva bajaji anayesubiri abiria. Mtu akikugonga ana mashahidi kabla hajarudi nyuma. Mimi nauhesabu huo kuwa ulinzi bora kuliko kamera yoyote. Hatari zake ni za aina nyingine, na hapo ndipo wengi wetu tunaorudi tunapokosea, kwa sababu tunarudi na mbinu za Uingereza.

Ya kwanza ni turubai la gari. Huku linafanya kazi gereji, ndani ya nyumba. Kwenye maegesho ya wazi ya Dar vumbi linaingia chini yake, upepo wa bahari unalitikisa siku nzima, na kila mtikisiko ni msasa juu ya rangi. Bora gari lipigwe vumbi likiwa wazi.

Ya pili ni kamera iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele. Huku inasaidia, mradi iwe ya aina inayohifadhi sekunde chache kabla ya kugongwa, maana nyingine zinaanza kurekodi jirani ameshaondoka. Iunganishwe kwenye fyuzi mbili, moja yenye umeme muda wote na moja inayowaka na swichi, na ikate umeme betri ikishuka kwenye volti 12.2 hivi, usije ukakuta gari haliwaki. Lakini Dar kamera inayoonekana inamwita mvunja kioo. Ukiitaka, weka inayobanduka, ondoka nayo, na isiwe na betri ya lithiamu ndani bali kapasita, kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme kinachovumilia joto. Ile ya betri inavimba na joto la gari lililoanikwa juani.

Ya tatu ni kumpuuza mlinzi. Mtu ametoka Leicester, anapita kama hamwoni, kisha anashangaa. Msalimie, mwachie chochote kabla hujaondoka, siyo ukirudi tu, na umuulize zamu yake inaisha saa ngapi, kwa sababu wa jioni hakujui. Halafu kuna agizo moja muhimu kuliko yote: "Mzee wangu, naomba usilifute, wewe niangalizie tu." Kwa wema kabisa atachukua kitambaa kikavu na kuifuta boneti yenye vumbi, na ile mikwaruzo ya duara unayoiona juani kwenye gari nyeusi inatoka hapo. Vumbi la Dar lina mchanga. Linatolewa kwa maji kwanza, kisha sponji na shampuu ya gari, kutoka juu kwenda chini, na ndoo ya kusuuzia sponji iwe ya peke yake.

Kwa wizi wa vifaa, mafundi wa nyumbani wametuzidi mbali. Namba ya gari ichongwe kwenye vioo vyote, hata vya pembeni, na kwenye taa. Kitu chenye namba hakiuziki haraka. Vioo vya pembeni vipigwe ribiti, ila simama na fundi wakati anatoboa: tundu likae pembezoni kwenye ganda la plastiki, mbali na mota na nyaya. Ukipaki vikunje. Uingereza tunakunja vioo ili visigongwe. Dar faida yake nyingine ni kwamba kioo kinatazama dirisha lako na vidole havipati pa kukibandulia. Tairi la akiba linaloning'inia chini lifungwe kwa mnyororo. Na ukifunga kwa rimoti, vuta kitasa, kwani wapo wenye vifaa vya kuzuia mawimbi ya rimoti, huku na huko.

Kivuli nacho kina bei yake. Chini ya mnazi usipaki, hilo halihitaji maelezo. Mwembe unadondosha utomvu, na kuanzia Novemba na maembe yenyewe. Mkungu unamwaga majani na kungu zinazoacha madoa. Kunguru wamejaa mji mzima, na kinyesi chao kikipigwa jua la saa saba kinaanza kuila klia ndani ya saa chache. Weka kitambaa kilicholowa juu yake, subiri kilainike, kisha inua bila kusugua. Kariakoo, Mtaa wa Kongo na jirani zake, usiingie kabisa na gari unalolipenda. Mikokoteni haina breki. Paki mbali, chukua bajaji.

Likishaumia, pitisha ukucha kwenye mchubuko. Usipokwama, jeraha liko kwenye klia na linatoka kwa kupolishi. Kibonyeo ambacho rangi yake haijapasuka kinanyooshwa kwa vyuma kutoka ndani bila kupiga rangi; Uingereza wapo mafundi wanaokufuata hadi nyumbani kwa kazi hiyo tu. Fundi bodi wa kwetu atakimbilia puti ya kujazia kibonyeo na rangi ya mlango mzima, basi mzuie mapema.

Rangi ikilazimika, usimwachie alinganishe kwa macho. Toyota nyingi za kutoka Japani zina kibati kwenye chumba cha injini chenye namba ya rangi: 1F7 ni ile fedha, 202 ni nyeusi, 040 ni nyeupe ya kawaida. Ukisoma 070, nyeupe ya lulu, jiandae. Inapigwa kwa hatua 3, nyeupe ya chini, lulu, kisha klia, na tabaka moja la lulu likizidi mlango unakuwa na rangi yake. Mwambie apige kwanza kwenye kipande cha bati, kikauke, mkiweke juu ya fenda nje kwenye jua, siyo chini ya turubai la gereji, ndipo aguse gari.