Bei ikipangwa ng'ambo, mlipaji yuko Kilindini

Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ushindani ya Kenya, ya mwaka 2010, ni kifupi, lakini kimezua hofu kubwa. Kinasema sheria hiyo inagusa hata vitendo vilivyofanyika nje ya nchi. Inamgusa raia au mkaazi wa Kenya, kampuni iliyosajiliwa au inayofanya biashara hapa, mtu yeyote anayeingiza bidhaa au huduma nchini, na anayenunua hisa au mali huko nje ikiwa ununuzi huo unahamisha udhibiti wa biashara iliyoko Kenya.

Wanaokipinga husema Nairobi haina ubavu wa kumhukumu mtu aliyekaa kikao chake cha kupanga bei Tokyo au Oslo. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Tatizo ni kwamba hutolewa kana kwamba sisi tukinyamaza, yuko mwingine atakayetulinda. Hayupo.

Tuangalie njama ya meli za kubeba magari. Kuanzia 2006 hadi 2012, kampuni kadhaa kubwa za meli hizo zilipatana kutonyang'anyana wateja na kupandishia bei pamoja. Japani ilizitoza kampuni husika takriban yeni bilioni 22.7 mwezi Machi 2014. Tume ya Ulaya ilitoza yuro milioni 395 mwezi Februari 2018. Afrika Kusini ilipatana na NYK, mojawapo ya kampuni hizo za Japani, mwaka 2015 ilipe karibu rand milioni 104. India ikafuata 2022. Uamuzi wa Japani ulitaja njia nne: Amerika Kaskazini, Ulaya, Mashariki ya Kati na ya Karibu, na Oceania. Afrika Mashariki haimo. Hilo halithibitishi kwamba njia ya kuja kwetu ilikuwa na njama, wala halithibitishi kwamba haikuwa nayo. Linaonyesha jambo moja tu, kwamba waliokuwa na barua na kumbukumbu za vikao mkononi walikuwa wakihesabu hasara ya masoko yao wenyewe. Faini ya Brussels, yaani ya Tume ya Ulaya, haikuwekwa kwa ajili ya mnunuzi wa Changamwe hapa Mombasa.

Na mnunuzi huyo hawezi kwenda kudai kwao. Mwaka 2004, katika kesi ya Hoffmann-La Roche na Empagran iliyotokana na njama ya bei za vitamini, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba walioumia nje ya Marekani, kwa madhara yasiyotegemea yale ya ndani ya nchi hiyo, hawana dai chini ya sheria yake ya ushindani. Zaidi ya hayo, Marekani ina sheria ya Webb-Pomerene, ya 1918, inayowaruhusu wauzaji wake kuungana katika biashara ya nje ilimradi wasiwaumize wenzao wa nyumbani. Yaani muungano ambao kwao ni halali huenda lengo lake likawa sisi hasa.

Sasa hesabu, kwa maana hapa ndipo watu huteleza. Husemwa kwamba nyongeza ya nauli ya meli ni kitu kidogo, dola mia kwa kontena, nani ataiona? Lakini kwa mzigo wa baharini, thamani ya forodha ni bei ya bidhaa pamoja na bima na nauli hadi bandarini. Nauli ikipanda dola 100, thamani ya forodha nayo imepanda 100. Kwa bidhaa ya ushuru wa asilimia 25, ongeza dola 25. Ada ya IDF, ile ya fomu ya kutangaza mzigo unaoingia, ya asilimia 2.5 ni dola 2.50. Tozo ya reli ya asilimia 2 ni dola 2. VAT ya asilimia 16 hukokotolewa juu ya 125, nayo ni dola 20. Dola mia iliyopangwa na watu katika hoteli ya mbali imekuwa 149.50 kabla mzigo haujavuka geti la bandari. Mfanyabiashara aliyesajiliwa ataidai VAT yake, lakini zile 29.50 hazirudi, naye ataweka faida yake juu ya jumla yote. Serikali, bila kujua, imetoza kodi juu ya njama.

Magari yaliyotumika yana hesabu tofauti, kwa kuwa KRA, mamlaka ya mapato, huanza na bei ya orodha yake na kuikata kwa umri wa gari. Huko nauli iliyopanda humwangukia mwagizaji vile ilivyo. Mzigo unaopita kwenda Kampala hautozwi ushuru hapa, lakini umebeba nauli ileile na utatozwa kule.

Wengi pia hununua bei ikiwa imeshajumlisha bima na nauli. Ankara ya muuzaji ina tarakimu moja, nauli imefichika ndani. Mtu asiyeiona nauli hawezi kulalamika kwamba kampuni tatu zimeipandisha wiki moja kwa kiwango kimoja. Ndiyo maana kungoja malalamiko ni kujidanganya. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ndiyo inayopaswa kulinganisha tarehe za matangazo ya nyongeza.

Upande wa pili una mambo matatu ninayoyakubali. La kwanza ni kwamba sheria hii yaweza kugeuzwa ngao ya viwanda vya ndani. Miaka ya 1990 watengenezaji wa magadi soda wa India waliilalamikia ANSAC, muungano wa wauzaji wa Marekani, na tume ya India ikazuia mzigo wake. Walalamikaji walikuwa washindani walioogopa bidhaa ya bei nafuu. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya India iliufuta uamuzi huo, ikisema sheria ya wakati huo haikufika ng'ambo. Bunge lao likaandika sheria mpya mwaka huohuo, safari hii kifungu cha 32 kikitaja waziwazi vitendo vya nje vinavyoumiza soko la ndani. Fundisho lake kwangu si kwamba mkono usivuke mpaka. Anayevuka aulizwe kwanza: mnunuzi ameumia wapi, na kwa kiasi gani?

La pili ni muda. ANSAC hiyohiyo ililalamikiwa Afrika Kusini mwaka 1999 na Botash, mzalishaji wa magadi wa Botswana. Ilikubali kosa mwaka 2008 na kulipa rand milioni 9.7. Miaka tisa! Na katika shauri la benki zilizodaiwa kupanga bei ya rand, Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ya Ushindani ya nchi hiyohiyo iliziondoa benki nyingi, za nje zikiwemo, kwa hoja za mamlaka na udhaifu wa mashtaka. Kwa hiyo nchi yenye chombo cha siku nyingi nayo hujikwaa.

La tatu linatugusa sisi wa Mombasa moja kwa moja, na wapinzani wa kifungu cha 6 hawalitumii vya kutosha. Julai 2021, chai ya KTDA, shirika la wakulima wadogo wa chai, iliwekewa bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo katika mnada wetu. Pakistan, mnunuzi wetu mkubwa, ingetaka kuihukumu bei hiyo kwa sheria yake, tungepiga kelele za uhuru wa taifa. Jibu langu ni kwamba agizo la serikali lililotangazwa hadharani halifanani na mapatano ya siri ya kampuni binafsi. Hata hivyo, tukidai haki ya kuvuka mpaka, tukubali kuulizwa na wengine.

Hofu ya kwamba meli zitatuhama hainishawishi vile. Kampuni zilizotozwa Japani, Ulaya na Afrika Kusini hazikuacha kupeleka magari huko. Meli hufuata mzigo.

Udhaifu halisi uko kwingine, kwenye utekelezaji. Kwanza ni faini. Mamlaka ya Ushindani inajua kutoza: Agosti 2023 ilizitoza kampuni tisa za chuma jumla ya shilingi milioni 338.8. Lakini kifungu cha 36 kinaiwekea faini kikomo cha asilimia 10 ya mapato ya mwaka uliotangulia yaliyopatikana Kenya. Nauli ikilipiwa Yokohama, wakala wa meli wa Mombasa anaandika vitabuni ada yake tu, pamoja na malipo ya hati ya kutolea mzigo. Asilimia 10 ya ada hiyo ni kitu gani mbele ya kampuni yenye meli mia? Mwongozo wa kukokotoa faini useme bayana kwamba mapato ya Kenya ni nauli yote ya mzigo ulioshushwa Kenya, popote ilipolipiwa.

Pili, msamaha wa mshirika wa njama anayejisalimisha na kuifichua, ulioko kifungu cha 89A. Katika njama ya magari, Mitsui O.S.K. Lines ilisamehewa faini Brussels kwa kuwa ya kwanza kufichua. Anayekimbilia Brussels hatakumbuka Nairobi isipokuwa kuna njia ya kuweka nafasi yake kwenye foleni ya msamaha kwa barua fupi siku ileile, na hatari ya kweli ya kutowahi.

Tatu, mzigo wa Uganda na Rwanda. Wakala mmoja akipekuliwa Moi Avenue, nyaraka zake zitaonyesha nauli za nchi tatu nne. Kulifungua shauri hilo pamoja na tume ya ushindani ya COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, iliyoko Lilongwe, ambayo nayo yaweza kutoza hadi asilimia 10 ya mapato ya eneo lote, kunafanya faini iwe na uzito. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, kwa hiyo mzigo wa Dar es Salaam unabaki nje ya hesabu hiyo, na hapo itabidi Arusha, yaani Jumuiya ya Afrika Mashariki, ishike.