Bango la Accor Kisumu: Nani Atabeba Hasara?

Kila Kisumu inapopokea wageni wengi kwa mpigo, lalamiko huwa lile lile: jiji lote hili halina hoteli kubwa yenye jina linalojulikana duniani. Lilisikika sana Mei 2022, mkutano wa Africities ulipoleta wajumbe kutoka kila pembe ya Afrika na vyumba vikawa haba. Nakuru nayo ilipandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021, na tangu hapo hamu ya kuona bango la kigeni juu ya ghorofa imezidi. Ni hamu ninayoielewa. Lakini kabla mtu hajachukua mkopo kwa ajili ya bango, afaa ajue kampuni hizi za hoteli hukua vipi.

Chukua Accor ya Ufaransa. Paul Dubrule na Gérard Pélisson walifungua Novotel yao ya kwanza mwaka 1967 huko Lesquin, nje kidogo ya mji wa Lille. Ilikuwa na vyumba 62. Hawakuanzia Paris. Walimlenga msafiri wa biashara mwenye gari, anayetaka chumba safi, bafu lake mwenyewe na mahali pa kuegesha. Ibis ikafuata 1974, Mercure ikanunuliwa 1975, Sofitel 1980, na jina Accor lenyewe likaja 1983. Mwaka 2016 kampuni ilizinunua Fairmont, Raffles na Swissôtel kwa pamoja, na 2018 ikachukua Mövenpick. Leo ina zaidi ya majina 40 na zaidi ya hoteli 5,000 katika nchi zaidi ya 100. Kila jina lina mfuko wake: Raffles kwa tajiri asiyeuliza bei, Novotel kwa afisa anayelipiwa na kampuni, ibis kwa anayejilipia mwenyewe na anataka kulala tu.

Hapa Kenya Accor ina Fairmont The Norfolk, Mövenpick, Pullman na ibis Styles jijini Nairobi, pamoja na Fairmont za Mlima Kenya na Mara. Huku kwetu magharibi bado.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ukuaji wote huo haukuhitaji Accor imiliki majengo yote yanayobeba majina yake. Mwaka 2018 iliuza sehemu kubwa ya AccorInvest, kampuni iliyoshikilia majengo yake. Marriott ya Marekani ilikuwa imetenganisha majumba na usimamizi mapema zaidi, mwaka 1993. Biashara yao siku hizi ni jina, mtambo wa kuuza vyumba na wasimamizi. Kiwanja, saruji, lifti na deni la benki ni vya mwenye nyumba.

Wanaozitaka hoteli hizi wana hoja nzito, na nzito kuliko zote ni soko. Daktari anayekuja kufanya utafiti na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, pale Kisian, au mkaguzi wa mradi kutoka Geneva, mara nyingi hachagui hoteli mwenyewe. Ofisi yake ina orodha ya majina iliyoyakubali kwa usalama, vizima moto na stakabadhi zinazoeleweka. Hoteli nzuri ya mtaa wa Milimani isiyo kwenye orodha hiyo itampoteza hata kama samaki wake ni mtamu kuliko wa yeyote. Na asiseme mtu kwamba kujitegemea ni bure: hoteli zetu tayari huzilipa tovuti za kuuzia vyumba kama Booking.com kamisheni, ambayo kwa kawaida huwa karibu asilimia 15 ya bei ya chumba.

Kuna pia wafanyakazi. Kijana aliyesomea Utalii na kufanya kazi miaka mitatu chini ya jina kubwa huwa na kitu mkononi anapoomba kazi Doha au Dubai. Na Nakuru, nikiitazama kwa jicho la Dubrule na Pélisson, ndiyo Lesquin kabisa: mji wa barabara kuu, malori na magari ya kampuni yakipita mchana na usiku kwenda Eldoret, Kisumu na Malaba. Hoteli ya aina ya ibis, vyumba vidogo, kitanda kizuri, bei inayojulikana, ingepata wateja pale haraka kuliko hoteli ya marumaru.

Sasa tupige hesabu ya upande wa pili, kwa mfano tu. Hoteli ya Kisumu ina vyumba 100, kila kimoja Sh10,000 kwa usiku, na kwa wastani 60 vina watu. Kwa mwaka vyumba vinaingiza Sh milioni 219. Mkataba wa usimamizi wa kawaida humpa msimamizi, yaani kampuni yenye jina, asilimia 2 au 3 ya mapato yote kabla ya gharama, kisha sehemu ya faida juu yake. Asilimia 3 ya mapato hayo ya vyumba ni kama Sh milioni 6.6. Si mbaya. Lakini tuseme mwenye hoteli alijenga kwa mkopo wa Sh bilioni 1 kwa riba ya asilimia 14. Riba peke yake ni Sh milioni 140 kwa mwaka. Vyumba vyenye watu vikishuka hadi 35, mapato yanakuwa kama Sh milioni 128. Riba imeshayameza yote kabla mpishi hajalipwa, na msimamizi bado anachukua asilimia 3 yake, kwa sababu inakatwa juu, si kwenye faida.

Je, vyumba vinaweza kushuka hivyo? Vinaweza. Wateja wakubwa wa hoteli za Kisumu, Kakamega na Nakuru ni semina: kaunti, wizara na mashirika ya misaada. Mwaka 2024, baada ya maandamano ya vijana kuhusu Mswada wa Fedha, serikali ilitangaza kubana matumizi. Mwaka 2025 Marekani ikavunja USAID, shirika lake la misaada, ambalo fedha zake zilikuwa zikiendesha miradi mingi ya afya kandokando ya ziwa. Semina ya watu 80 ikifutwa, siyo vyumba 80 tu vinavyopotea. Ni chai ya saa nne, chakula cha mchana, ukumbi, na kreti za samaki ambazo mama muuza samaki wa ufuo wa Dunga alikuwa amezihesabia. Na kaunti zinazoendelea kuja huacha madeni yanayosubiriwa kwa miezi mingi. Hakuna bango linaloweza kuikimbiza hundi ya kaunti.

Majina haya pia huondoka. InterContinental Nairobi ilifungwa 2020. Hilton ya katikati ya jiji, iliyofunguliwa 1969, ilifunga milango mwishoni mwa 2022. Serikali ya Kenya ilikuwa na hisa katika zote mbili. Hilton kama kampuni haikuumia sana. Jina lake liliendelea kwenye majengo mengine Nairobi. Aliyebaki na mnara mtupu ni mwenye jengo.

Kwa hiyo siwaungi mkono wanaodai jina la kigeni kwa gharama yoyote, wala wanaolikataa kwa kuwa ni la kigeni. Tunayo njia ya tatu, na inatumika tayari. Sarova, kampuni ya Kenya, jina lake liko kwenye Woodlands mjini Nakuru na Imperial mjini Kisumu. Wana ofisi Nairobi, wanaijua tabia ya kaunti ya kulipa, na mwenye jengo anaweza kupanda gari asubuhi akagonge meza yao mchana. Kwa hoteli inayoishi kwa semina, huyo ndiye msimamizi ningemchagua kwanza. Jina la nje nalo litafaa pale ambapo nusu ya wageni kweli wanatoka nje, na mwenye hoteli akubali tu mkataba wenye kipengele cha utendaji: ikishindwa kufikia hoteli shindani za mji ule miaka miwili mfululizo, avunje bila kulipa fidia.

Jaribio la kweli litakuwa Sunset Hotel ya Kisumu na Golf Hotel ya Kakamega. Ni hoteli ambazo serikali ilizianzisha, zimekaa kwenye viwanja bora, na mpango wa kuzibinafsisha umezungumzwa kwa miaka mingi. Akija msimamizi mkubwa wa kimataifa kuomba Sunset, watu watashangilia jina. Nataka waulize atalipwa kutoka mapato au kutoka faida, mkataba ni wa miaka mingapi, na nani atakarabati paa. Na majibu yawekwe hadharani kabla ya kutia sahihi, maana fedha zitakazozama pale ni za umma.