Biblia haihitaji nyongeza zetu

Yeremia 36 inamtaja mfalme aliyekerwa na Neno la Mungu. Gombo aliloliandika Baruku, karani wa Yeremia, kwa kinywa cha nabii huyo liliposomwa mbele yake, Mfalme Yehoyakimu alilikata kwa kisu kipande baada ya kipande na kulitupa motoni, hadi likateketea lote. Mungu akamwamuru nabii achukue gombo jingine. Yale yale yakaandikwa upya, na mengine mengi ya namna hiyo yakaongezwa.

Moto haujawahi kulishinda Neno. Mwaka 303 Kaisari Diocletian naye aliamuru Maandiko yachomwe, na wapo Wakristo waliokubali kufa kuliko kuyakabidhi. Hata kupita kwa karne nyingi hakukuyaharibu. Gombo la Isaya lililopatikana mwaka 1947 katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, lina umri wa miaka 1,000 hivi zaidi ya nakala kamili za Kiebrania zilizokuwa zikitegemewa, na bado ni Isaya yule yule, tofauti nyingi zikiwa za tahajia na maneno madogo madogo. Ni kweli wanakili waliteleza mahali fulani, na aya za mwisho za Marko hazimo katika baadhi ya nakala kongwe kabisa. Hilo halinitikisi. Tafsiri inayoziwekea alama aya hizo inaliheshimu Neno kuliko anayeficha.

Ninachokiogopa ni kisu, maana leo kinashikwa na sisi tunaoibeba Biblia.

Tazama tunavyoutendea mstari wa Yeremia 29:11: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Unahubiriwa kama ahadi ya mafanikio ya haraka, mwaka huu huu, kwa kila aliyeketi ibadani. Lakini ile ni barua kwa mateka walioko Babeli, na mstari unaoutangulia unasema watakaa huko miaka 70. Wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, wauombee amani mji uliowateka. Sura moja kabla ya hapo, nabii Hanania alikuwa amesimama hekaluni akatangaza kwa jina la Bwana kwamba nira ya Babeli itavunjwa ndani ya miaka 2. Bila shaka ujumbe wake ulipendeza zaidi. Yeremia alimwambia kwamba Bwana hakumtuma, na kwamba amewatumainisha watu uongo. Hanania akafa mwaka ule ule. Sasa sisi tumeyachukua maneno ya Yeremia tukayahubiri kwa maana ya Hanania, na watu wanaitikia amina! Hili linaniuma, kwa sababu anayeumia ni yule aliyeamini, akangoja, kisha akadhani Mungu ndiye aliyevunja ahadi.

Halafu kuna "Bwana ameniambia". Siwakatazi watu kuomba na kuongozwa na Roho. Ila neno la mhubiri likipewa uzito ule ule wa Isaya au Warumi, hata muumini akaogopa kulihoji, limeshakuwa kitabu kipya ndani ya Biblia. Wakatoliki wana vitabu 73 na Waprotestanti 66, na mjadala huo una historia yake ndefu, lakini hakuna upande unaoyahesabu mahubiri ya jana kuwa Maandiko. Mithali 30:6 inaonya wazi: "Usiongeze neno katika maneno yake." Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo mwenyewe, kisha wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama aliyoyasema ndivyo yalivyo. Luka, mwandishi wa Matendo ya Mitume, anawasifu kwa hilo. Kama mtume alipimwa, ni nabii gani wa leo asiyepaswa kupimwa?

Mtu akisema anaamini kila andiko lina pumzi ya Mungu, namtarajia alisome andiko lote, pamoja na kurasa zinazomkemea. Ningependa ibada zetu zirudishe usomaji mrefu. Katika Nehemia 8 Ezra alisoma torati mbele ya watu tangu alfajiri hadi adhuhuri, Walawi wakieleza maana yake. Watu walilia waliposikia, kisha wakaenda kula, kunywa na kufurahi sana, kwa kuwa walikuwa wameyaelewa maneno waliyosomewa.