Meli inayohesabu dagaa, na sato asiyesikika

Mwambie mvuvi wa Ukerewe kwamba samaki wa Ziwa Victoria huhesabiwa kwa sauti, huenda akacheka kwanza. Yeye hesabu yake ni ndoo zinazoshushwa alfajiri mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga. Lakini tangu 1999 Tanzania, Kenya na Uganda, kupitia LVFO, shirika lao la pamoja la uvuvi wa Ziwa Victoria lenye makao Jinja, Uganda, zimekuwa zikifanya hivyo. Meli inakata ziwa, kifaa chake kinapiga mlio ambao sikio la mtu haliupati, kisha kinasubiri mwangwi. Majini sauti hukimbia takriban mita 1,500 kwa sekunde, na kinachoirudisha hasa ni kibofu cha hewa tumboni mwa samaki. Sangara mkubwa huonekana kwenye kompyuta kama upinde peke yake. Dagaa huonekana kama wingu.

Daftari la mwaloni haliwezi kushindana na hilo katika ziwa la kilomita za mraba 68,800. Karani huandika kilichofika mbele yake, si kilichouzwa majini au kuvushwa kwa magendo. Tena mavuno yanaweza kubaki juu kwa sababu tu injini na nyavu zimeongezeka, huku samaki wenyewe wakipungua.

Hata hivyo, meli nayo ina pa kuishia. Haiingii kwenye mafunjo wala vina vifupi, na huko ndiko nyumbani kwa sato. Samaki aliyelala karibu kabisa na tope, mwangwi wake humezwa na ule wa sakafu ya ziwa. Kisha kuna wale wadudu wanaopaa juu ya maji kama moshi: viluwiluwi vyao vina vifuko vya hewa, navyo hurudisha mlio. Kutenganisha dagaa na furu, samaki wengine wadogo wa ziwa hili, kwa mwangwi peke yake ni shida. Lazima wavu ushuke uthibitishe. Na samaki yuleyule akiinamisha kichwa, mwangwi wake hubadilika, nazo tani zinazokokotolewa hubadilika.

Ndiyo maana mimi naamini mwelekeo wa miaka kuliko jumla ya tani za mwaka mmoja. Lakini daftari nalo hupotosha: usiku wa mbalamwezi taa ya mvuvi haivuti dagaa vizuri, na wavuvi wengi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Ukisoma daftari la siku hizo utadhani dagaa wameisha, kumbe wapo majini. Kwa dagaa naiamini meli. Kwa sato, bora karani na daftari lake.