Anahitaji Kusema "Sitaki", Tena kwa Kiswahili

Wiki iliyopita nilialikwa kwenye uzinduzi wa kishikwambi cha watoto wenye usonji wasiozungumza, hapa Dar es Salaam. Aliyekuwa mbele akabonyeza picha ya glasi, kikatamka kwa Kiingereza kwamba kinataka maji. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nilikuwa namuwaza mama yangu kule Mbagala, ambaye ndiye anashinda na mtoto wa dada yangu, naye hazungumzi. Mama hajui Kiingereza. Mjukuu wake angebonyeza mpaka magharibi, na kiu yake ileile.

Nikauliza kama Kiswahili kipo. Nikaambiwa kipo, nikaonyeshwa. Picha ya mtoto, ya kutaka, ya alama nyekundu ya kukataza, ya sahani. Sauti ikatoka: "Mimi. Kutaka. Hapana. Kula."

Jamani, nani anaongea hivyo? Mtoto wa kwetu anasema "sitaki", basi, yamekwisha. Anasema "amenipiga", na ndani ya neno hilo moja yumo aliyepiga, yumo aliyepigwa, na unajua limeshatokea. Programu hizi zilijengwa kwa lugha ambayo kila kipande kinasimama peke yake, kisha mtu akafungua kamusi akajaza vitufe. Kiswahili hakijazwi hivyo. Kitufe kinatakiwa kibebe "nipe", "niache", "linaniuma", "bado", "twende", maneno mazima kama yanavyotoka mdomoni. Mtoto ambaye maisha yake yote anahangaika aeleweke, tunampa Kiswahili kilichovunjika halafu tunapongezana kwamba tumemsaidia. Iliniuma, na bado inaniuma.

Bei nayo ni mzigo, sibishi. Proloquo2Go, moja ya programu hizi zinazojulikana sana, inauzwa dola 250 hivi, na lazima uwe na kifaa cha Apple, kama iPad au iPhone. Hiyo ni zaidi ya laki sita kabla hujagusa chombo chenyewe. Lakini za bei nafuu zipo, na za bure zipo. Picha za kuweka kwenye vitufe ziitwazo ARASAAC, mali ya serikali ya jimbo la Aragón kule Uhispania, ni zaidi ya 10,000, na unazitumia bure mradi usizifanyie biashara. Cboard ni programu huria ya kuongea kwa picha, iliyopata msaada wa UNICEF, na inafunguka kwenye simu ya kawaida ya Android. Na Wahindi hawakungoja: kule Chennai, Ajit Narayanan na wenzake walitengeneza programu yao, Avaz, leo inaongea lugha kadhaa za India. Sisi tunaosema kila siku kwamba Kiswahili kina wasemaji kutoka Lamu hadi Lubumbashi, tumekwama wapi?

Mwaka jana mtoto wetu huyo wa dada alilia siku tatu. Ana miaka 9. Tukampa uji, tukampa soda, tukamtoa nje. Dada alimbeba usiku kucha. Siku ya nne usaha ukatoka sikioni. Siku tatu zote hizo alikuwa anajua kinachomuuma, akatazama watu wazima wanne wakimletea vikombe.

Tulipotoka kliniki nilikaa na simu yangu ya zamani, ile iliyopasuka kioo. Nikapiga picha sikio lake, tumbo lake, jino, mlango wa choo, kikombe chake cha kijani, bibi yake, nikazifanya vitufe. Sauti ya Kiswahili iliyomo kwenye simu ile ni ya mwanamke mtu mzima, nikaona haimfai. Nikamrekodi mtoto wa jirani wa rika lake, na "sitaki" akaivuta kama wanavyoivuta watoto wote: "Sitakiii."

Hicho ndicho kitufe alichokipenda kwanza. Sitaki uji. Sitaki shati. Sitaki kuoga. Mama akanijia juu: "Mwanangu, umemfundisha ujeuri mtoto." Nikamwambia, mama, miaka 9 huyu hajawahi kukataa kitu bila kupiga kelele au kujiuma mkono.

Wanaosema simu itamfanya mvivu wa kuongea, utafiti wa wataalamu Millar, Light na Schlosser wa mwaka 2006 ulipitia suala hilohilo. Katika kesi zenye ushahidi mzuri, hakuna aliyepoteza maneno kwa sababu ya vifaa hivi, na wengi waliongeza.

Haya, nakubali, kuna watoto ambao mikono haiwatii, hao wanahitaji mashine za kufuata macho, na hizo hazitashuka bei kesho. Nakubali pia kwamba kadi za karatasi haziishiwi chaji. Lakini anayekaa kuandika programu ya watoto wetu, kabla ya kufungua kompyuta aje akae barazani siku mbili, asikilize watoto wanavyogombana, aandike maneno hayo.

Juzi mama alinipigia. Mtoto alikuwa amebonyeza "maji", kisha "bibi", kisha "njoo". Mama akamletea kikombe. Akabonyeza "sitaki". Akamwongezea sukari. "Sitaki." Akabonyeza "njoo" tena na tena mpaka mama akainuka, akamfuata uani. Bomba lilikuwa limeachwa wazi, ndoo imejaa, maji yanatiririka mpaka mlangoni kwa jirani.

"Kumbe alikuwa ananiambia," mama akasema.