Tochi tatu, betri ya aina moja: zinatosha kuanzia Mabatini hadi Ukerewe

Fungua droo ya nyumba yoyote ya Nyakato au Kitangiri hapa Mwanza na huenda ukakuta tochi nne: ya kuchomeka ukutani isiyotunza chaji, ya betri kubwa za redio zilizovuja zikagandia ndani, ya zawadi iliyotoka kwenye ufunguo, na moja nzima ambayo hakuna anayejua chaja yake iko wapi. Umeme ukikatika, kila mtu anawasha simu. Msimamo wangu ni huu: anayeishi mjini anahitaji tochi mbili, anayeingia ziwani anahitaji tatu, na zote zitumie betri ya aina moja. Hela ya tochi ya nne inunulie betri ya akiba.

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza mwanga. Mimi nasema anza na betri, kwa sababu tochi nyingi zinazotupwa zimeangushwa na betri wakati taa yenyewe bado nzima. Chukua hizi za kuchomeka moja kwa moja kwenye soketi. Ndani yake mna betri ndogo ya risasi ya volti 4. Betri ya risasi ikikaa tupu wiki kadhaa hujenga utando mgumu wa salfeti kwenye bati zake na haipokei chaji tena, na tochi ya kungojea umeme ukatike ndiyo inayosahaulika ikiwa tupu. Isitoshe, nyingi ya hizo hazina transfoma. Umeme wa ukutani unapunguzwa kwa kapasita tu, kwa hiyo ukiifungua ikiwa imechomekwa, sehemu yoyote utakayoigusa ndani inaweza kukupiga. Kwenye nyumba yenye watoto wadadisi sioni kwa nini mtu ainunue.

Betri ninayoitetea ni ya lithiamu ya 18650. Namba hiyo ni vipimo vyake: unene milimita 18, urefu milimita 65, na sifuri ya mwisho inasema ni ya mviringo. Ndiyo iliyojaa ndani ya pawabenki nyingi, taa za sola na betri za laptop za zamani, kwa hiyo fundi simu yeyote anaijua. Ikiwa na 3000 mAh (kipimo cha chaji inayotunza) kwa volti 3.7 inabeba nishati ya kama wati-saa 11. Betri mbili za AA za kuchaji, zile zinazowekwa kwenye saa ya ukutani, zikiwa na 2000 mAh kila moja hazifiki hata wati-saa 5. Najua wapo wanaosema AA zinapatikana kila kioski mpaka Nansio na Kome. Ni kweli, lakini nyingi ya zile za kioski ni za kaboni na zinki: zinadhoofika haraka, na ganda lake la zinki ndilo linaloliwa betri inapofanya kazi, mwisho linatoboka na kumwaga uchafu ndani ya tochi. Visiwani sasa paneli ya sola yenye tundu la USB si kitu cha kutafuta, na hiyo inachaji 18650 bila shida.

Hapa ndipo penye udanganyifu mkubwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Betri nzuri za kawaida za ukubwa huu huishia karibu 3500 mAh, chache sana zinagusa 4000. Ukiona imeandikwa 9900, huo ni uongo uliochapwa kwenye plastiki. Kipimo rahisi ni uzito. 18650 halisi ina gramu 45 hadi 50. Ya bandia mara nyingi ni nyepesi kwa sababu ndani mmewekwa kidogo kuliko ganda linavyoonyesha. Mzani wa kupimia samaki hautakusaidia, lakini Mwanza haikosi sonara, na mzani wa sonara utakupa jibu kwa sekunde tatu. Ukichukua zilizotolewa kwenye laptop, pima kwanza volti kwa mita ya fundi. Chini ya 2.5 usijaribu kuifufua. Iliyo juu ya hapo ichaji mpaka 4.2, iweke wiki moja, upime tena. Ikiwa imeshuka chini ya 4.0 au ilipata moto wakati wa kuchaji, iache. Na usiitie mfukoni pamoja na funguo au sarafu: chuma kikigusa ncha zote mbili, betri hii inaweza kuwaka moto. Kikopo cha plastiki chenye kifuniko kinatosha.

Kwa hiyo sharti la kwanza kwa kila tochi: betri itoke na iwe 18650. Iliyofungiwa betri ndani, hata ikiwa nzuri namna gani, siichukui.

Tochi ya kwanza ni ya kichwani, na ningelazimishwa kubaki na moja tu ningebaki na hiyo. Anayepanda njia za mawe za Mabatini, Igogo au Bugarika usiku akiwa na ndoo mkono mmoja na mtoto mkono wa pili hana wa kushikia tochi. Vivyo hivyo anayebadilisha pini ya propela gizani, anayepara samaki, anayetafuta fyuzi, anayewasha jiko. Kwa kazi hizi mwanga mkali ni kero. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa: lumeni 5 zinatosha kusoma namba za LUKU, 30 hadi 50 zinatosha kutembea njia unayoijua, 100 hadi 150 kwenye mawe yaliyolowa mvua. Tafuta yenye mwanga wa chini kabisa, lumeni 1 au 2, wa kumwangalia mtoto ndani ya chandarua bila kumwamsha. Mwanga wake uwe wa kusambaa. Tochi ya kichwani yenye duara dogo kali katikati inakufanya ugeuze shingo kila wakati kama kuku, na baada ya saa moja kichwa kinauma.

Chagua pia yenye taa nyekundu. Macho yanahitaji kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza kabisa, na mwanga mweupe mkali unaharibu mazoea hayo mara moja, ila mwekundu hafifu hauyagusi sana. Kwenye mtumbwi hilo ni jambo zito, maana anayemulikwa usoni haoni tena taa za ufukweni wala mtumbwi mwingine unaokuja. Halafu kuna wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda majini kwa mawingu. Wanafuata mwanga mweupe, na ukiwa nao kipajini watakuingia puani na mdomoni. Mwekundu hauwavuti sana. Usipokuwa na taa nyekundu, vua tochi kichwani uishike mkononi mbali na uso mpaka wapite.

Tochi ya kichwani ndiyo pia taa ya chumba. Kwenye nyumba yenye dari nyeupe, ilaze iangalie juu kwa lumeni 200 na sebule nzima itaonekana. Chini ya mabati yasiyo na dari mbinu hiyo haifanyi kazi, kwa sababu mwanga unapotea juu. Hapo chukua dumu jeupe la lita 5 lililojaa maji, lifunge mkanda wa tochi huku taa ikielekea ndani. Dumu lote linawaka, na watoto wanaweza kusoma bila kuumizwa macho.

Ya pili ni ya mkononi, fupi, ya kukaa mfukoni au kwenye droo ya kitanda. Kazi yake ni kukagua, kumulika uani, kutembea barabarani. Lumeni 300 hadi 500 zinatosha kabisa, na pembeni yake uwepo mwanga wa chini. Hapa kuna kitu ambacho wauzaji hawakitaji: uaminifu wa rangi. Kipimo chake huandikwa CRI, na juu kabisa ni 100. LED za bei rahisi nyingi ziko karibu na 70, na udhaifu wao mkubwa uko kwenye wekundu. Mnunuzi wa sangara anayefika mwaloni kabla ya mapambazuko hufunua matamvua aone kama bado ni mekundu. Kwa tochi ya 70, mekundu yaliyokolea na yaliyoanza kufifia kuwa kahawia yanakaribia kufanana. Kwa tochi ya CRI 90 na kuendelea, tofauti inaonekana waziwazi. Faida hiyohiyo anaipata fundi anayetofautisha nyaya za rangi na mama anayetazama upele wa mtoto. Rangi ya mwanga iwe karibu kelvini 4000 hadi 5000. Ile nyeupe ya kuelekea ubuluu inachosha macho.

Ya tatu ni ya ziwani: ya kumulika mbali. Asiyetoka mjini haihitaji. Anayevuka usiku kwenda kisiwani, anayevua, au anayeishi ufukweni ambako kiboko hupanda kula majani usiku, anaihitaji sana. Hapa lumeni hazisemi chochote, kinachohesabiwa ni kandela, yaani mwanga umekusanywa kiasi gani mahali pamoja. Umbali unaoandikwa kwenye boksi hupatikana kwa kuchukua kipeuo cha pili cha kandela na kukizidisha mara mbili: kandela 10,000 ni mita 200, kandela 40,000 ni mita 400. Lakini mwishoni mwa umbali huo unabaki mwanga kama wa mbalamwezi tu, 0.25 ya luksi. Ili ujue kitu ulichokiona ni boya, gogo au mnyama, gawanya umbali huo kwa mbili. Kwa kazi za ziwa letu kandela 20,000 hadi 40,000 zinatosha. Kabla ya kuchota maji usiku, pitisha mwanga polepole usawa wa maji. Macho ya mamba hurudisha mng'ao mwekundu, nao huonekana vizuri zaidi tochi ikiwa karibu na usawa wa macho yako.

Usidhani tochi hii itavuta dagaa. Hiyo ni kazi ya taa za kuvulia, zamani karabai na sasa LED za betri kubwa, na mwanga wa tochi wa kuchoma mbali ni mwembamba mno kwa kazi hiyo.

Tochi ya chuma ikidondoka ziwani inazama. Ifunge kamba ya mkononi na kipande cha boya la wavu, kisha ijaribu kwenye ndoo ya maji ukiwa bado nyumbani: ikizama, ongeza boya. Kuhusu kuzuia maji, alama ya IPX4 ni mvua na maji ya kurushwa tu. IPX7 ni kuzama mita 1 kwa dakika 30, na kwa mtumbwi usishuke hapo. Mahali pa kwanza kuingiza maji ni tundu la kuchajia lenye kifuniko cha mpira, kwa hiyo tochi ya ziwani naipendelea isiyo na tundu lolote, betri ichajiwe kwenye chaja ya pembeni. Zile za kuvuta kichwa ili mwanga ukusanyike nazikataa kabisa. Kila ukivuta zinanyonya hewa, na palipo na mawimbi zinanyonya maji. Pete ya mpira kwenye uzi wa kifuniko ipake grisi ya silikoni. Mafuta ya mgando huvimbisha aina fulani za mpira.

Kuhusu ukali, hesabu ni rahisi. LED ya kawaida inatoa kama lumeni 100 kwa wati 1. Betri yetu ya wati-saa 11 itakupa lumeni 100 kwa karibu saa 10, lumeni 300 kwa kama saa 3, na lumeni 1000 kwa kama saa 1, na hiyo ni kama tochi itaweza kuvumilia joto. Tochi ya mfukoni haivumilii. Baada ya dakika moja au mbili inajishusha yenyewe ili isiungue. Jicho nalo halihesabu kama mita: ili mwanga uonekane maradufu inabidi lumeni ziwe karibu mara nne. Anayekuuzia lumeni 100,000 kwa betri moja anakuuzia stika.

Ukiwa dukani Makoroboi au popote, fungua kifuniko uone betri, kisha iwashe kwenye mwanga wa juu kwa dakika tano ukiwa umeishika. Ganda linapaswa kupata joto. Likibaki baridi huku mwanga ukianza kufifia, joto limekwama kwenye LED na haitadumu. Itikise: ikizimika au kupepesa, springi ni dhaifu au nyuzi za kifuniko zina uchafu, na uchafu unatoka kwa kitambaa na spiriti. Kama ina tundu la USB-C, jaribu waya wako. Nyingi za bei rahisi hazichaji kwa waya wenye C pande zote mbili kwa sababu hazikuwekewa rezista mbili za oma 5,100 zinazoiomba chaja itoe umeme. Kwa waya wenye USB ya kawaida upande wa chaja zitachaji vizuri.

Hela ikiwa kidogo, nunua ya kichwani kwanza na betri mbili. Mwezi unaofuata nunua ya mkononi. Ya mbali ije mwisho, isipokuwa kwa mtu wa mtumbwi, ambaye aiweke nafasi ya pili. Betri ya akiba ichaji na uizungushe na iliyo ndani kila mwezi ili zote zifanye kazi, na tochi inayokaa droo ilegeze kifuniko cha nyuma robo mzunguko. Kwa nyingi hiyo inakata umeme kabisa, kwa hiyo haitajiwasha yenyewe wala kuimaliza betri polepole.