Kabla ya kuandika extends

Wanaoanza kujifunza programu huuliza sana: nitumie kurithi au polimofizimu? Naona swali lenyewe limekaa upande. Polimofizimu ndiyo shabaha: msimbo mmoja unaita lipa() na kila objekti (kitu kinachobeba data na kazi zake ndani ya programu) inaitikia kwa namna yake, bila anayeita kujali ni ya klasi ipi, yaani imeundwa kwa ramani gani. Kurithi, yaani klasi mtoto kuchukua vyote vya klasi mzazi (kwenye Java huandikwa kwa neno extends), ni njia mojawapo tu ya kufika hapo, na mara nyingi si njia nzuri.

Mkanganyiko huu una asili yake. Simula 67, lugha iliyobuniwa Oslo na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, ilileta kwa mpigo klasi zinazorithi na taratibu ambazo klasi mtoto inaweza kuzibadili. C++ na Java zikafuata nyayo, na walimu wakaendelea kufundisha mambo hayo mawili kana kwamba ni moja, kwa mfano ule ule wa Mnyama, Mbwa na Paka. (Mifumo ya kazini ninayoijua haina Mbwa wala Paka.)

Ukitaka kuona hasara ya kurithi ovyo, fungua maktaba ya Java yenyewe. Kuna klasi iitwayo Stack, yaani rundo: unaweka kitu juu kwa push, unakitoa juu kwa pop, basi. Walioiandika waliirithisha kutoka Vector, ambayo ni orodha ya kawaida. Bila shaka waliokoa mistari kadhaa. Lakini Stack ikabeba kila kilichomo kwenye Vector, ikiwemo insertElementAt, kwa hiyo yeyote anaweza kuchomeka kitu chini kabisa ya rundo na kompaila, programu inayokagua na kutafsiri msimbo, isiseme neno. Ukilipitia rundo hilo kwa kitanzi cha for, vitu vinatoka kuanzia cha chini, kinyume na vile pop ingekupa. Leo nyaraka rasmi za Java zinashauri utumie Deque badala yake, ila Stack haiondolewi wala hairekebishwi, maana programu za zamani zinaitegemea jinsi ilivyo.

Dada yake, Properties, ana kisa kinachofanana. Kazi yake ni kutunza mipangilio ya maandishi, lakini kwa kuwa inarithi Hashtable, inakubali uiwekee hata objekti isiyo maandishi. Unakuja kushtuka siku unapoita store ili kuihifadhi kwenye faili na programu inakwama.

Mwanasayansi wa kompyuta Barbara Liskov alishatoa kipimo cha jambo hili mwaka 1987. Kwa maneno yangu: popote mzazi anapotumika, mtoto akiwekwa mahali pake, mambo yasiharibike. Kipimo kinaangalia tabia ya klasi. Kufanana kwa majina au kwa mistari ya msimbo hakuhesabiki. Stack inafeli hapo mara moja.

Sasa chukua mfumo wa duka unaopokea taslimu, malipo ya simu na kadi. Kishawishi ni kuandika MalipoYaSimu kwanza, halafu MalipoYaKadi iirithi kwa sababu zote mbili zinatuma risiti na kusubiri jibu la mtandao. Baada ya muda unagundua kadi imerithi namba ya simu ya mteja isiyoihitaji, na kila ukigusa muda wa kusubiri PIN, kadi nazo zinayumba. Taslimu ndiyo hata haisubiri mtandao. Mimi ningeandika intafesi (orodha ya kazi ambazo klasi inaahidi kuzifanya, bila kusema vipi) iitwayo Malipo, yenye lipa(kiasi) na rudisha(kiasi), klasi tatu zisizojuana, na kituma risiti kiwe objekti ya pembeni inayokabidhiwa yeyote anayeihitaji. Msimbo wa kaunta unaita malipo.lipa(kiasi) na hauna habari na mengine. Kesho ikija njia ya nne, hutagusa zile tatu.

Go, iliyotangazwa 2009, haina kurithi kwa klasi kabisa. Rust nayo haina. Lugha zote mbili zina polimofizimu, na watu wanajengea mifumo mikubwa. Kama kurithi kungekuwa nguzo, nyumba hizo zisingesimama.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaotaka kurithi kufutwe moja kwa moja. Kwenye makosa ya programu kunafanya kazi vizuri mno: FileNotFoundException (faili halikupatikana) ni IOException (hitilafu ya kusoma au kuandika) kweli kweli, na msimbo unaomdaka mzazi ili kushughulikia kosa unataka kumdaka na mtoto. Mzazi na mtoto wakiwa ndani ya moduli moja, mikononi mwa timu moja, hatari nayo inapungua. Tatizo ni kumrithi mzazi usiyemmiliki, ambaye toleo lijalo litambadilisha tumbo bila kukuuliza.

Ndiyo maana naipenda lugha ya Kotlin kwa jambo moja: klasi imefungwa tangu mwanzo, na anayetaka irithiwe lazima aandike open kwa mkono wake. Kwenye Java mambo ni kinyume, mwandishi ndiye anayetakiwa kukumbuka kuandika final, neno linalozuia klasi isirithiwe, na wengi hawaikumbuki.